Mgeni wa Siku ya Arobaini

Mwaka mmoja umetimia leo, Mwanaasha, tangu asubuhi ile ya Ijumaa, tarehe tisa Mei, ulipotutoka hapa nyumbani Tegeta ukiwa na miaka hamsini na tisa, miezi mitatu na siku sita. Hesabu hiyo tumeifanya mara mbili, kama ulivyotuzoeza, na mara zote mbili imetoka vilevile.

Kwenye jokofu bado kuna kopo lenye kipande cha plasta na mwandiko wako wa penseli: "Mchuzi wa nazi, Jumanne." Mchuzi uliisha zamani. Kopo tunaliosha upande mmoja tu. Uliandika kila kitu kwa penseli kwa sababu maabarani spiriti hufuta wino na penseli haiiwezi. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwagia spiriti kopo la mchuzi, lakini hukuona sababu ya mtu mmoja kuwa na tabia mbili.

Hukupenda neno "nadhani". Talha akisema anadhani mvua itanyesha, ulimtuma nje akaangalie. Salma alipovaa gauni la harusi ya binamu yake akauliza, "Mama, nimependeza?" ulimtazama juu hadi chini ukajibu, "Kuliko jana." Alinuna mpaka ukumbini. Siku hizi anasimulia mwenyewe na kucheka, kwa sababu anajua kwamba sifa yako ilikuwa haitolewi bila kupimwa.

Ulizaliwa Mwananyamala, binti wa mzee Mwinshehe, fundi cherehani. Mdogo wako Suhaib alifariki akiwa na miaka saba, wewe ukiwa na kumi na miwili. Viungo vilikuwa vikimuuma, macho yakigeuka manjano, na mtaa mzima ulikuwa na majibu: jini, kijicho, mtoto kuchezea maji baridi. Miaka mingi baadaye ulituambia kilichokukaa rohoni. Haikuwa huzuni peke yake. Ni kwamba watu wengi sana walikuwa na uhakika, na hapakuwa na hata mmoja aliyepima.

Ukaenda kusoma ili upime. Ulisoma hapa, ukasoma ng'ambo miaka mitano, ukarudi na shahada ya uzamivu na masanduku mawili ya vitabu. Wenzako wengi walitafuta dawa. Wewe ulichagua kitu cha mapema zaidi: vinasaba, yaani urithi ambao mtoto huupata kwa wazazi kabla hajazaliwa. Selimundu, ile wengi wanayoiita sikoseli, hutaka mtoto arithi kasoro kwa baba na kwa mama. Akirithi upande mmoja tu, anaibeba bila kuumwa, kama wazazi wake. Wewe ulitaka wazazi wanaoibeba wote wawili waweze kujua, mimba ikiwa ya wiki kumi na mbili, mtoto wao amerithi nini. Daktari alichukua kipande kidogo cha kondo la nyuma, ukubwa wa punje ya mchele, na wewe ulikisoma katika vyumba viwili vilivyokuwa na mashine moja, hadubini moja, na fundi sanifu mmoja, Revelian, aliyetoka Bukoba na hakuacha siku ipite bila kukukumbusha kwamba ndizi za Dar si ndizi.

Hukumwambia mzazi afanye nini na jibu. Walikuuliza sana. Uliwajibu wote namna moja: "Kazi yangu ni kukwambia kilichopo. Kinachofuata ni chako na mwenzio."

Ila hukuliamini jibu lako mwenyewe mpaka umelihakiki kwa mtoto aliyezaliwa. Hapo ndipo ulipogombana na mabibi wa mji huu. Ulitaka tone la damu ya kichanga siku ya kuzaliwa, na mabibi wakakataa: kichanga hakishikwi na mgeni kabla ya arobaini. Baadhi ya wenzako walisema huo ni ushirikina, wasukumwe. Wewe ulikwenda kusoma, ukarudi na kikaratasi. Maumivu ya selimundu kwa kawaida hayaanzi kabla ya mwezi wa tatu. Dawa ya kumkinga mtoto na homa kali hutakiwa ianze kufikia siku ya sitini.

"Arobaini inaingia humo na siku ishirini zinabaki," ulisema. "Sioni tunagombania nini."

Basi ukawa mgeni wa arobaini. Kinondoni, Temeke, Chamazi, popote alipotolewa nje mtoto uliyemsoma tumboni, ulifika na doti ya khanga kwa mama, na kwenye mkoba kadi yenye duara nne na kisindano cha kuchoma kisigino. Ulinawa mikono, ukachoma, ukakausha kadi kwa kuipepea, ndipo ukala pilau. Watoto wa mitaa hiyo walikuita Mama Kisindano. Ulijua na hukukasirika.

Kwa miaka mitatu kadi zote zilikubaliana na majibu yako. Kisha ikaja namba mia na tisa.

Mia na tisa alikuwa Farida, binti wa Tabu wa Chamazi, mimba ya kwanza. Ulikuwa umempa Tabu jibu kwamba mtoto anaibeba tu, kama wazazi wake. Arobaini ilikuwa Jumapili. Jumatano asubuhi Revelian alikuita.

"Dada Asha, njoo uone hii."

Ukaangalia. "Rudia."

"Nimerudia."

"Rudia mbele yangu."

Akarudia mbele yako, na jibu likawa lilelile: Farida amerithi kwa baba na kwa mama. Ukatoa kwenye friza kipande kilichobaki cha ile punje ya mchele, ukakilinganisha na damu ya Tabu. Kilikuwa ni Tabu mwenyewe. Nyama ya mama ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kondo la nyuma, na aliyekisafisha chini ya hadubini hakuiona. Kwa hiyo mashine ilimsoma mama na kuandika mtoto. Jina la aliyekisafisha lilikuwa kwenye kichupa, kwa penseli, na lilikuwa lako.

Revelian ametusimulia mwenyewe yaliyofuata, na ameomba yaandikwe kama yalivyokuwa. Kamati ya utafiti ilikuwa ikae baada ya wiki tatu kuamua kama kazi yenu iongezewe kibali.

"Dada, tusubiri kamati ipite," alisema. "Wiki tatu tu. Wakisikia hili leo watafunga mlango, na wale akina mama thelathini wanaosubiri watakwenda wapi?"

"Mtoto ana siku ngapi leo?"

"Arobaini na tatu."

"Ongeza wiki tatu."

"Sitini na nne."

"Dawa inatakiwa ianze lini?"

Ulikuwa umeshavua koti jeupe.

Badru, mumeo, alikuendesha kutoka Tegeta hadi Chamazi mchana uleule, mji mzima kutoka ncha hadi ncha, kwenye gari ambalo kiyoyozi chake kilikufa zamani. Alikuuliza utasemaje. Ukasema, "Kama ilivyo." Akasema watakufukuza. Ukasema, "Inawezekana. Lakini watakuwa wameshasikia."

Uani kwa Tabu turubai la arobaini lilikuwa bado halijashushwa. Tabu alikuwa anaanua nepi. Alipokuona akacheka.

"Karibu Dokta. Umefuata ukoko wa pilau?"

"Shikamoo mama," ulimwamkia kwanza mama yake, aliyekuwa amekaa mkekani amempakata mtoto. Akaitikia. Kisha ukamgeukia Tabu, ukiwa bado umesimama. "Tabu, jibu nililokupa la mtoto halikuwa sahihi."

"Lipi? Si ulisema anabeba tu, kama sie?"

"Nilisema hivyo. Nilikosea. Farida ana selimundu."

Tabu aliendelea kukunja nepi moja, polepole, mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha mkono.

"Umekosea wewe au mashine?"

"Mimi. Mashine ilisoma nilichoipa."

Mama yake Tabu ndiye aliyesema kwanza. Badru anayakumbuka maneno yake neno kwa neno. "Juzi umekaa kwenye mkeka huu ukala pilau ya mtoto huyu, ukaomba na pilipili. Leo waja na haya?"

"Ndiyo, mama."

"Na huoni haya."

"Naona, mama. Ndiyo maana sikukaa."

Ukawaeleza dawa: matone kila siku, yaanze kufikia siku ya sitini, na kliniki kila mwezi. Tabu alikusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo baadaye ulikuwa ukiwasomea wanafunzi wako kila mwaka, siku ya kwanza ya darasa.

"Mara ya kwanza ulikuwa na uhakika, ukakosea. Leo una uhakika tena. Mie nitajuaje kama na leo hujakosea?"

"Huwezi kujua kwangu," ulisema. "Usiniamini. Kapime kwingine." Ukaandika kwenye kikaratasi sehemu mbili za kupimia ambako hukuwa na rafiki hata mmoja. "Usiwaambie mimi nimesema nini. Ukiwaambia, watatafuta nilichokiona. Una siku kumi na saba."

Tabu alichukua kikaratasi. Akaingia ndani, akatoka na ile doti ya khanga, bado imefungwa na uzi wa dukani, akakuwekea mikononi.

"Na khanga yako hii."

Mlirudi, mkapita Mbagala. Hapo ulisema jambo moja tu: "Karatasi hakuitupa."

Kesho yake uliiandikia kamati barua ya kurasa mbili. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Nimetoa jibu lisilo sahihi kwa sampuli namba 109, na kosa ni langu." Kamati haikusubiri wiki tatu. Ilisimamisha kazi ndani ya siku nne. Revelian alihamishiwa kwingine, akina mama thelathini wakaambiwa wasubiri, na watu wawili waliokuwa wakikuita dada wakaanza kukuita Daktari.

Hayo uliyapokea. Kilichokukosesha raha kilikuwa kalenda ya jikoni. Ulikuwa unakata siku kwa penseli: arobaini na tano, arobaini na tisa, hamsini na mbili. Siku ya hamsini na tano Badru alisema, "Twende Chamazi." Ukakataa.

"Nikienda ataona nimefuata msamaha. Sitaki msamaha. Nataka mtoto ameze dawa."

"Na asipokuja?"

"Siku ya hamsini na tisa nitamwomba muuguzi wa kliniki yao aende, asiyehusika na mimi. Nimeshazungumza naye." Hata wasiwasi wako ulikuwa na tarehe.

Siku ya hamsini na nane, saa mbili asubuhi, geti liligongwa. Salma, aliyekuwa na miaka tisa, alikwenda kufungua. Alikuwa Tabu, mtoto mgongoni, mumewe nyuma yake ameshika mwavuli.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yuko?"

Ulitoka na mikono yenye unga wa chapati. Tabu alikupa karatasi bila salamu.

"Wamesema kama wewe. Kote kuwili."

Ulisoma karatasi yote, mpaka muhuri, ukaigeuza ukasoma na nyuma. Salma anasema hilo ndilo lililomfanya Tabu alegee, kwamba hata jibu lililokuunga mkono hukulipokea juu juu.

"Sasa?" Tabu akauliza.

"Sasa tunakwenda kliniki. Nioshe mikono."

"Na khanga yangu?"

"Ipo kabatini. Ina jina lako."

"Kwa penseli?"

"Kwa penseli."

Tabu akacheka kidogo, kisha akalia, na mumewe akamfungulia mwavuli ingawa walikuwa kivulini. Farida alipewa tone la kwanza saa tano kasorobo. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Hatuandiki haya kulitetea kosa. Kosa lilikuwa kosa, na wewe ungekuwa wa kwanza kusahihisha aya hii kama ingedai vinginevyo. Tabu na mumewe walikuwa na haki ya kujua katika wiki ya kumi na mbili, na hawakujua. Siku moja, Farida akiwa na miaka sita, Tabu alikuuliza hapa barazani, "Dokta, ungeniambia kweli mapema, ningefanyaje?" Ukasema, "Sijui, Tabu. Na sidhani kama kuna anayejua." Farida wakati huo alikuwa anamfundisha Talha kukata kucha za paka.

Baada ya miezi saba kamati ilifungua mlango. Ilikuwa imeisoma barua yako ya kurasa mbili, na kurasa kumi na nne ulizoongeza kueleza nini kibadilishwe. Tangu hapo kila kipande husafishwa na watu wawili, na hulinganishwa na damu ya mama kabla jibu halijasomwa. Revelian alirudi. Katika miaka kumi na mitano iliyofuata mlisoma mimba mia sita arobaini na tatu. Mara tisa ulinganisho ulionyesha kwamba kilichosomwa ni mama, sampuli zikachukuliwa upya, na mara tisa mzazi akapewa jibu la mtoto wake. Uliwakataza watu kuiita kanuni hiyo kwa jina lako. Maabara wanaiita Mia na Tisa, na maabara nyingine mbili wameichukua pamoja na jina hilo bila kujua limetoka wapi.

Farida amelazwa mara tano. Alikosa mtihani wa nusu muhula wa kidato cha pili kwa maumivu ya mgongo. Humeza dawa kila siku, hunywa maji mengi kuliko anavyotaka, na hubishana na kila mtu. Ana miaka kumi na sita. Ana urefu wa kumzidi Tabu.

Ulipoambiwa mwaka jana mwezi wa pili kwamba saratani imefika kwenye ini, uliuliza asilimia, ukapewa, ukashukuru. Kisha ukakaa na daftari. Uliandika majina ya akina mama kumi na mmoja ambao arobaini za watoto wao zingefika baada yako, tarehe za makadirio, mitaa, na rangi ya khanga kwa kila mmoja. Chini ukaandika, kwa Revelian: "Wote kumi na mmoja. Nawa mikono kabla ya pilau."

Revelian amekwenda arobaini zote kumi na moja. Kadi zote kumi na moja zimekubaliana na majibu.

Ya mwisho ilikuwa Disemba, Mwananyamala, mitaa mitatu kutoka kwenye nyumba ya mzee Mwinshehe. Farida alikuwa ameomba kwenda. Revelian alimuuliza anakwenda kama nani; akasema atafikiria njiani. Salma alikwenda nao, ndiye aliyetuletea habari hizi.

Mtoto alikuwa wa kiume, mnene, amevalishwa kofia. Jibu la tumboni lilikuwa kwamba hajarithi chochote, si kwa baba wala kwa mama. Revelian alinawa mikono, akatoa kadi. Mama wa mtoto, jina lake Jesca, alimvuta mwanawe kifuani.

"Kaka, mbona mnamchoma tena? Si mlishasema mzima? Au nyie hamjiamini?"

Revelian alifungua mdomo. Tunamjua, angeanza na vinasaba na kumalizia Bukoba. Farida alimtangulia.

"Shikamoo dada. Mie ndiye mia na tisa."

"Marahaba. Ndiyo nini hiyo, mdogo wangu?"

"Mie walinikosea. Mama yangu aliambiwa ni mzima, na si mzima. Naumwa sikoseli." Alisema hivyo kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. "Hawajiamini, ndiyo. Ndiyo maana walirudi siku yangu ya arobaini. Wasingerudi, mie nisingekuwepo hapa nakula pilau yako."

Jesca alimtazama Farida kwa muda, kiatu hadi nywele.

"Hujala bado," alisema.

"Nasubiri amalize kuchoma."

Jesca akamfunua mtoto mguu, akamshika kisigino yeye mwenyewe, akamwelekezea Revelian.

Siku tatu baadaye kadi ile ilisomwa na watu wawili. Mtoto hajarithi kasoro yoyote. Tumelifuta jina lake kwenye orodha yako kwa penseli, na orodha imekwisha. Wiki iliyofuata Revelian alifungua daftari jipya, lenye majina kumi na manne.

Wanaokukumbuka: mumeo Badru, wanao Salma na Talha, dada zako wa Mwananyamala na watoto wao, mashemeji zako wote, Revelian, uliyemkubali kuwa ndugu mwaka wa ishirini wa kazi yenu, kwa maneno yako, baada ya data za kutosha, Tabu, mumewe na mama yake wa Chamazi, na Farida, mia na tisa.

Hitma inasomwa leo nyumbani Tegeta baada ya Alasiri, na wote mnakaribishwa. Mwenyezi Mungu akurehemu, Mwanaasha, na akulaze pema. Hatutakusahau. Mengine yote tutaendelea kuyapima mara mbili kama ulivyotaka. Hili hatuna haja ya kulirudia.